Mwisho wa kiangazi katika njia ya Kabambare



Vitabu vya kusomea vilivyotoka Ulaya vinawafundisha watoto wetu kwamba majira ni manne, na kwamba mwezi wa tisa majani yanaanguka na ndege wanaondoka. Kila mwaka hakosi mtoto wa kuuliza: «Mwalimu, wanaondoka kwenda wapi?» Wengine wanakuja huku kwetu. Kasongo iko kusini ya ikweta kwa nyuzi nne na nusu hivi, na sisi majira yetu ni mawili: mvua, halafu kiangazi cha mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Wenzetu wa kaskazini ya Maniema, upande wa Punia na Lubutu, mvua karibu haiwaachi mwaka mzima. Sisi inatuacha kabisa, visima vinashuka, mboga zinakuwa haba, na kila mama anaanza kutazama juu. Watu wa redio wanasema yao, lakini wadudu na ndege ndio wanaotupa habari ya kweli.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, kabla masomo hayajafunguliwa, sisi wanne wa chama tulikwenda Kabambare kuwaona wenzetu na kuwapelekea mbegu za mpunga. Ni zaidi ya kilomita 100. Tuliuliza habari ya njia kwanza, maana siku hizi hakuna mama anayejitwika mzigo na kuondoka bila kuuliza. Tulipanda pikipiki mbili, na pale ambapo daraja ni magogo mawili tu tulishuka tukaenda kwa miguu. Kutembea kuna faida yake: unaona. Hapo ndipo tulipokubaliana kuandika yale tuliyoyakuta, pamoja na yale ambayo wamama wa njiani walituongezea.

Njia hii ni ya zamani. Livingstone alifika Kabambare, yeye aliandika Bambarre, mwezi wa tisa mwaka 1869, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimweka huko miezi mingi. Sisi tulifika na miguu mizima, ila vumbi lilikuwa mpaka kwenye nyusi.

Siku ya kwanza tulisafiri na moshi. Nyasi za savana zimekauka, na kila upande kuna anayechoma: mwindaji wa panya, mwenye kusafisha shamba, na vijana wanaochoma kwa furaha tu. Kabla hujauona moto unawaona mwewe. Wanazunguka juu ya moshi, kumi, ishirini, mkia ukipinda huku na huku kama usukani, halafu mmoja anashuka ananyakua panzi anayekimbia moto, anamla akiwa angani, mguu unapeleka mdomoni. Chini, pembeni ya majivu, yangeyange weupe wanatembea taratibu kama watu waliokuja kuchagua bidhaa sokoni. Mama mmoja mfugaji wa kuku alitueleza kwamba vifaranga wake wanapotea zaidi siku ile moto unapozimika, kwa sababu mwewe wamekusanyika wengi na chakula chao kimekwisha. Yeye siku hiyo huwafungia chini ya kapu mpaka jioni. Tumelichukua shauri lake.

Moto wenyewe hatuusifu. Nyasi za kuezekea zinaungua, na atakayezitafuta mbali ni mwanamke. Kuni vilevile. Mashamba mawili ya muhogo tuliyopita yalikuwa meusi mpaka kwenye shina, na wenyewe walikuwa wamesimama wakitazama, bila kujua wamlaumu nani.

Halafu vichuguu. Mtu wa mjini akiviona anasema ni udongo tu. Kati ya Kasongo na Kabambare kila kichuguu kina historia, na mara nyingi kina mwenyewe. Ndani yake, wakati wa kiangazi, kumbikumbi wenye mabawa wamekwisha kukua, wanangoja. Mvua ya kwanza ikilainisha udongo, wafanyakazi wanatoboa matundu, na jeshi lote linatoka kwa pamoja. Haliendi mbali. Kumbikumbi anaruka kidogo, anatua, anajipukutisha mabawa, dume na jike wanafuatana mmoja nyuma ya mwingine wakitafuta mahali pa kuchimba. Wawili hao wakiponyoka ndio wanaoanzisha kichuguu kipya, na jike anakuwa malkia anayetaga mayai miaka mingi. Lakini wanaoponyoka ni wachache sana. Siku hiyo kila kiumbe kinajua: kuku, mbwa, chura, mwewe, hata ndege wanaokula nafaka siku zote wanaacha nafaka. Na sisi.

Mvua hiyo ilitukuta katika kijiji kimoja usiku wa pili, mapema kuliko wengi walivyotazamia. Jioni hewa ilikuwa nzito, nyenje walinyamaza ghafla, upepo ukaja na harufu ya udongo, na tulinyeshewa saa nzima. Asubuhi hakukutoka kitu. Mwenyeji wetu alicheka haraka yetu, akasema vichuguu vyake havina pupa. Jioni ya pili yake akatuita. Alikuwa amechimba shimo dogo mguuni pa kichuguu, ameweka ndani beseni lenye maji kidogo, juu amejenga kibanda cha vijiti na majani ya mgomba, na mbele ya shimo taa. Kumbikumbi wanakuja kwenye mwanga, wanagonga majani, wanaanguka majini. Watoto wanafagia waliotua nje. Kwa saa moja na nusu tulijaza mabeseni matatu.

Kuwaandaa mnajua wenyewe, lakini tuandike kwa ajili ya wasichana wanaosoma jarida hili pamoja na mama zao. Kumbikumbi wanakaangwa pasipo mafuta, mafuta wanayo yao wenyewe. Chumvi kidogo. Halafu juani juu ya mkeka, na mabawa yanapepetwa kwa ungo. Waliokauka vizuri wanakaa majuma mengi, wakiwa na unyevu wanaota ukungu, hao usimpe mtoto. Mtoto aliyezoea bugali na sombe peke yake, ukimsagia kumbikumbi wawili, watatu vijiko ndani ya mboga, umempa nguvu ya kujenga mwili ambayo kwa nyama ungeilipa franka nyingi. Jambo moja la kuangalia: wasiokotwe mahali palipopulizwa dawa ya wadudu, wala chini ya taa za ghala lililopulizwa. Na chandarua kipya kisikatwe kuwa wavu wa kuwanasa. Tumeona kimoja.

Mwenyeji wetu, mama wa watoto watano, ana vichuguu viwili. Alikuwa na vinne. Mume wake alipofariki, shemeji alikuja baada ya matanga, akasema vichuguu viwili vikubwa ni vya ukoo. Mama huyu ndiye aliyekuwa akivisafisha kila kiangazi, ndiye aliyekuwa akivilinda, na pesa za kumbikumbi ndizo zilizokuwa zikilipa madaftari na sare za mwezi wa tisa. Mwaka huu alilipa nusu. Binti mkubwa amebaki nyumbani «kwa muda».

Tulikaa naye usiku ule tukizungumza juu ya hilo kuliko juu ya wadudu. Sheria ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamweka mjane kati ya warithi, na inampa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa na kutumia sehemu ya ardhi iliyopakana nayo aliyokuwa akiilima mwenyewe. Kichuguu hakuna sheria iliyokitaja kwa jina lake. Lakini vichuguu vyake viwili vilivyochukuliwa viko nyuma ya jiko, hatua thelathini. Tulimshauri aende kwa chifu akiwa na mashahidi, majirani waliomwona miaka yote akivilinda, na aende kabla ya mvua za mwezi wa kumi, maana kesi ya kichuguu ikisikilizwa msimu umepita mtu hana cha kuonyesha. Wenzetu wawili wa Kabambare wameahidi kumsindikiza. Kama katika kijiji chenu kuna mjane wa namna hiyo, mtazameni sasa hivi, wakati vichuguu bado havijafunguka.

Neno dogo kwa wenye mimba: ule udongo wa kichuguu unaotamanika, tunaouona sokoni umefinyangwa vipande. Tunaelewa hamu yake. Udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo, na minyoo inakunywa damu ambayo mama na mtoto wanaihitaji. Zungumza na mwuguzi siku ya kupima mimba, akupe vidonge vya kuongeza damu.

Viwavi vya kuliwa bado havijatoka tulipopita. Vinangoja miti ichipue majani mapya, na kila namna ina mti wake. Hapo ndipo tulipoona kwamba elimu inapotea: wasichana tuliotembea nao waliweza kutaja miti miwili, bibi yao alitaja saba bila kuvuta pumzi, na alijua pia ni kiwavi gani chenye manyoya kisichoguswa na mkono wa mtoto. Alilalamika kwamba vijana sasa wanakata mti mzima ili wavune viwavi vya siku moja. Zamani walipanda, au walingoja viwavi vishuke vyenyewe.

Kiwavi kimoja tunachotaka kila mama akijue si cha kuliwa. Ni kiwavijeshi cha mahindi, kilichotoka Amerika na kuonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Kiangalie kichwani: kina alama nyeupe kama herufi Y iliyogeuzwa kichwa chini. Karibu na mkia kina madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Kinakaa ndani ya moyo wa hindi, na kinachokionyesha ni majani yenye matundu na unga wa mavi yake kama vumbi la mbao. Mahindi ya mwezi wa tisa yakifika magotini, pita shambani mara mbili kwa juma, asubuhi mapema. Ponda mayai yaliyo chini ya jani, yamefunikwa na kitu kama pamba. Kiwavi kikiwa kimeingia moyoni, mtie jivu au mchanga laini katika moyo wa mmea. Ni kazi ya mikono, inachosha, lakini dawa za chupa zinazouzwa bila karatasi ya maelezo zinatutia hofu zaidi ya kiwavi.

Karibu na Kabambare nchi inashuka kuelekea Luama, mto unaotoka milima ya mashariki na kwenda kumwagika katika Lualaba. Vijito ni vingi na kando yake msitu ni mnene, kivuli kizuri baada ya jua la savana. Hapo ndipo mbung'o walipotupokea. Mbung'o huuma mchana, anapenda kivuli cha maji, yaani mahali hasa tunapofulia nguo, kuloweka muhogo na kuogesha watoto. Akitulia utamtambua: anapanga mabawa yake moja juu ya lingine, kama mkasi uliofungwa. Rangi ya buluu na nyeusi zinamvuta, ndiyo sababu mitego ya kumnasa inashonwa kwa kitambaa cha buluu, na ndiyo sababu mwenzetu aliyevaa kitenge cha buluu aliumwa zaidi yetu wote.

Maniema ya kusini inaujua ugonjwa wa malale tangu zamani. Huanza kama malaria: homa inayokwenda na kurudi, kichwa, viungo, tezi zinavimba nyuma ya shingo. Baadaye mtu anabadilika tabia, analala mchana, usiku yuko macho. Wengi huficha kwa aibu, wakidhani ni uchawi au wazimu, na wengine wanaogopa sindano ya mgongoni. Tuwaambie habari njema: tangu miaka hii ya karibuni iko dawa ya vidonge, inaitwa feksinidazoli, inamezwa siku kumi pamoja na chakula, na kwa wagonjwa wengi inatosha. Kikosi cha kupima shingo na damu kikifika kijijini, peleka nyumba nzima, hata anayejiona mzima, kwa sababu mtu anaweza kubeba ugonjwa huu muda mrefu bila kuanguka.

Kuhusu mbu tutasema machache, mmesikia mengi. Mvua ya kwanza inajaza makopo, matairi, na mashimo ya matofali. Chandarua kishonwe sasa.

Tukarudi Kasongo na masomo yakafunguliwa. Darasani tuliwapa watoto kazi: waandike tarehe ya siku watakayomwona mbayuwayu wa Ulaya. Kwanza walibisha, wakasema mbayuwayu wapo siku zote chini ya paa la shule. Ni kweli, hao wenye nyumba za udongo ni wenyeji. Lakini kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi wanaongezeka wengine, wenye koo jekundu la kutu na mkia mrefu wenye pacha, wanaopita makundi kwa makundi juu ya mito na mashamba. Hao wamezaliwa Ulaya. Baridi inapoanza huko wadudu wanapotea, nao wanavuka bahari na jangwa. Mwaka 1911, Uingereza, mbayuwayu mmoja alifungwa pete mguuni, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 1912 akakamatwa Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa bado mguuni. Hapo ndipo watu walipojua kwa hakika safari hiyo. Ndege mwenyewe ana uzito wa gramu 20 hivi. Tuliwapa watoto vijiko vitatu vidogo vya chumvi washike mkononi ili waelewe, na darasa lilinyamaza. Manati mbili zilitolewa mfukoni na kuwekwa mezani bila kuulizwa. Hatusemi kwamba zote zilitolewa.

Pamoja nao wanapita keremkerem, wenye rangi kama kitenge kipya. Unawasikia juu kabla ya kuwaona. Wanakamata nyuki akiruka, wanampigapiga na kumsugua kwenye tawi mpaka mwiba na sumu vitoke, ndipo wanammeza. Wafuga nyuki hawawapendi, na wana haki yao.

Ndege wanaotuumiza kichwa zaidi si wa Ulaya. Ni hawa wa njano wanaofuma nyumba katika migazi ya uani, makelele mchana kutwa, wanachana makuti mpaka mgazi unabaki kama ufagio. Wanapenda kukaa karibu na watu kwa sababu kwetu maadui zao ni wachache. Wilaya yetu ni nchi ya mpunga tangu siku za Waarabu na Waswahili, zaidi ya miaka mia, na ndege hawa nao wameuzoea. Mbegu ikimwagwa wanaifukua. Punje zikianza kutia maziwa wanarudi. Na anayetumwa kuwaamia ni mtoto, alfajiri mpaka jua kuzama, juma mbili, tatu. Sisi walimu tunaona katika daftari la mahudhurio: majina yanaanza kukosekana, wasichana zaidi ya wavulana, na wengine baada ya mpunga hawarudi tena.

Hatuwezi kumwambia mama aache mpunga uliwe. Lakini Kabambare tulikuta kikundi cha wamama kumi na moja wenye mashamba yaliyoungana ambao hupanda katika juma moja. Mpunga wote unaiva pamoja, ndege wanagawanyika, na zamu ya kuamia inazunguka kati ya watu wazima: kila mama siku moja tu katika siku kumi na moja, akiwa na wengine wawili wa nyumbani kwake. Wana kamba ndefu zenye makopo, mtu mmoja akivuta shamba zima linalia. Mwaka uliopita, walituambia, hakuna mtoto wao aliyekosa mtihani kwa sababu ya ndege. Mbegu tulizowapelekea zimegawanywa kwa masharti hayohayo.

Na bundi. Usiku wa mwisho Kabambare alilia juu ya paa la nyumba tuliyolala, na asubuhi majirani walitutazama vibaya kidogo, sisi wageni. Kwetu ni mzaha. Kwa bikizee anayeishi peke yake si mzaha: bundi akilia kwake mara tatu na mtoto wa jirani akashikwa na homa, na mwezi huu homa ni nyingi kwa sababu ya mbu wa mvua mpya, maneno yanaanza. Tunajua wazee waliohama nyumba zao kwa maneno hayo. Bundi anakuja kwa panya, na panya wanakuja kwa mpunga na muhogo uliowekwa ndani wakati mashamba yameungua. Ukisikia maneno kama hayo kisimani, yakate pale pale, na mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Daftari la tarehe sasa liko darasa la tano. Wenzetu wa Kabambare wameanza la kwao. Mpaka tunaandika haya, Kasongo bado hatujamwona mbayuwayu mwenye koo jekundu. Kabambare wanasema wamemwona, juu ya Luama, lakini msichana aliyeandika alisahau kuweka tarehe, na wenzake wamegoma kulihesabu.